Chumvi ya Wakorea iko wapi hasa?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi na baba tunatazama tamthilia ya Kikorea, Korea-Khitan War, kila jioni baada ya taarifa ya habari, na sasa tumefika sehemu ya 19. Baba aliipenda sana mpaka jemadari Yang Gyu alipokufa. Tangu hapo anasema Wakorea wametia chumvi: eti watu 1,700 wanaivamia ngome yenye maelfu ya maadui na kuichukua. Mjomba, ambaye ameshaimaliza, ametuambia kwamba mwishoni mzee wa miaka 70 anaongoza jeshi na upepo unageuka ghafla upande wake. Baba amecheka mpaka basi. Mambo ya ikulu ndiyo anayoyaamini, anasema fitina za aina hiyo zipo kila mahali. Mimi nasema yote ni historia. Tumewekeana soda. Nani ameshinda?" Msomaji, Morogoro.

Marahaba binti. Soda ni yako, ila mmiminie mzee glasi moja, maana kuna jambo amelipatia na nitalifikia. Katika mengine amekosea kwa namna inayonifurahisha kila ninapokutana nayo: anayoyakataa ndiyo yaliyoandikwa, na anayoyaamini ndiyo waliyoyatunga waandishi wa KBS, televisheni iliyoirusha tamthilia hii.

Nianze na vitabu, tusije tukabishana hewani. Habari nyingi za vita hivi, vya Wakhitan wa kaskazini dhidi ya Goryeo, yaani Korea ya enzi hizo, zimo katika Goryeosa, historia rasmi ya dola ya Goryeo, iliyokamilishwa mwaka 1451. Hapo Goryeo ilikuwa imeshaanguka na dola ya Joseon imekaa mahali pake. Ni zaidi ya miaka 400 baada ya vita, sikatai, lakini walioiandika walifuata kumbukumbu za zamani za ikulu, na hawakuwa na sababu kubwa ya kuipamba dola ambayo mabwana zao ndio walioiangusha. Upande wa pili ipo Liaoshi, historia ya dola ya Liao, yaani ya hao Wakhitan wenyewe, iliyokusanywa mwaka 1344. Ukikuta jambo limekiriwa na mshindi na mshindwa, hapo kaa kwa raha.

Sasa Yang Gyu, maana najua ndiye aliyewaumiza. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulifundishwa sheria moja tu: steringi hafi. Huyu anakufa sehemu ya 16 kati ya 32, katikati kabisa, na mtu anabaki anauliza sasa tunaangalia nini. Lakini waandishi hawakuwa na ujanja. Yang Gyu alikufa kweli, mwanzoni mwa mwaka 1011, mahali panapoitwa Aejeon, pamoja na mwenzake Kim Suk-heung.

Kumbuka ilivyoanza. Mwishoni mwa mwaka 1010 mfalme wa Liao, Shengzong, alivuka mto Yalu yeye mwenyewe na jeshi linalotajwa kuwa la watu 400,000. Ngome ya kwanza njiani ilikuwa Heunghwajin, na mlinzi wake alikuwa Yang Gyu. Ikamshinda kuivunja. Baadaye, jemadari mkuu wa Goryeo, Gang Jo, alipokamatwa, Wakhitan waliandika barua ya uongo kwa jina lake wakaipeleka Heunghwajin: jisalimisheni. Yang Gyu akajibu kwamba yeye amekuja pale kwa amri ya mfalme wake, si kwa amri ya Gang Jo. Jibu hilo limo kitabuni, halikutungwa na mtu wa televisheni.

Shengzong akaamua kuiacha ngome nyuma yake na kwenda mbele. Kwa macho yangu, hilo ndilo kosa lililoibeba vita nzima. Yang Gyu akatoka na watu mia saba na kitu, akafika Tongju akakusanya wengine 1,000, kisha akaingia Gwakju usiku. Wakhitan walikuwa wameacha pale askari 6,000. Aliwamaliza, akawahamisha raia 7,000, wanaume kwa wanawake, akawapeleka Tongju. Hao ndio watu 1,700 wa mzee wako.

Mzee atauliza: inawezekanaje? Mimi namjibu hivi. Askari wanaoachwa kulinda ngome nyuma ya jeshi kwa kawaida si wale makini. Makini wamekwenda na mfalme kuuchukua mji mkuu. Halafu Wakhitan ni watu wa farasi. Mpe Mkhitan uwanda na mchana, utajuta. Mfungie ndani ya kuta, usiku, akiwa amelala, farasi wake hana kazi. Na Yang Gyu alikuwa kwao, anajua pa kupita.

Jeshi la Liao lilipoanza kurudi kwao, likiburuta mateka, Yang Gyu na wenzake walilivizia tena na tena. Goryeosa inasema ndani ya mwezi mmoja alipigana mara saba na kuwakomboa watu zaidi ya 30,000. Siku ya mwisho alikutana na jeshi kuu la mfalme mwenyewe. Kitabu kinasimulia kifo chake kwa ukavu wa karani: walipigana siku nzima, askari wakaisha, mishale ikaisha, wote wawili wakafa vitani. Basi. Ile ya kusimama mwili mzima umejaa mishale kama nungunungu ni kazi ya mwongozaji. Hapo chumvi ipo, lakini ni chumvi ya kwenye ncha ya kidole.

Kama mzee anapenda kukataa vitu, mpe Gang Jo. Huyu ndiye aliyempindua na kumuua mfalme Mokjong mwaka 1009 na kumweka Hyeonjong kitini, na mapinduzi hayo ndiyo Shengzong aliyoyatumia kama kisingizio cha kuvamia. Kule Tongju Gang Jo alianza vizuri. Alikuwa na magari yaliyofungwa mapanga mbele, na kila farasi wa Kikhitan walipokuja yaliwarudisha. Akalewa ushindi. Goryeosa inasema alikuwa amekaa anacheza mchezo wa ubaoni alipoletewa habari kwamba adui ameingia. Hakuamini. Akasema ni kama chakula mdomoni, kikiwa kidogo hakifai, waacheni waingie wengi. Walipomwambia tena kwamba wameshaingia wengi, aliinuka akashtuka, na kitabu kinasema alimwona mfalme aliyemuua amesimama nyuma yake anamkaripia. Mtu wa leo akiandika hivyo tungesema amezidisha. Imeandikwa karne kadhaa kabla ya televisheni.

Na mwisho wake pia umeandikwa. Shengzong alimuuliza: utakuwa mtumishi wangu? Akajibu: mimi ni mtu wa Goryeo, nitakuwaje mtumishi wako? Akaulizwa tena huku anakatwa nyama ya mwili, jibu likawa lile lile. Naibu wake, Yi Hyeon-un, alipoulizwa, alisema macho yake sasa yameona jua na mwezi mpya, moyo utakumbuka vipi milima ya zamani. Gang Jo akampiga teke. Mimi huwa natulia hapo kila mara. Muasi, muuaji wa mfalme, mzembe aliyelipoteza jeshi kwa ajili ya mchezo wa ubaoni, halafu anakufa namna ile. Tamthilia ilimtendea haki, haikumfanya shetani wala malaika.

Tuingie ikulu, anakopaamini mzee.

Mfalme Hyeonjong alikimbia kweli. Gang Gam-chan, yule mzee aliyewatajia mjomba, ndiye aliyekataa shauri la kusalimu amri, akasema sisi ni wachache, tuuepuke ukali wao kwanza, tujipange polepole. Mfalme akatoka usiku na watu kidogo, na mji mkuu Gaegyeong, ambao leo ni Kaesong ya Korea Kaskazini, ukachomwa moto mwanzoni mwa 1011. Njiani hakushambuliwa na Wakhitan, alishambuliwa na watu wake mwenyewe, na watumishi wake wengi wakamkimbia. Aliyebaki naye akipigana ni Ji Chae-mun. Alikwenda hadi Naju, kusini kabisa. Mfalme wa miaka kumi na minane hivi, nguo hana za maana, anapita kwenye vijiji vinavyomtazama kwa jicho baya. Hayo yote ni kweli, na kwa bahati mbaya ndiyo sehemu ambayo watu wengi huiona imezidi.

Gongju ndipo alipopumua. Ofisa wa hapo, Kim Eun-bu, alimpokea vizuri, na binti yake mkubwa akamshonea mfalme nguo. Hyeonjong hakusahau. Alimwoa binti huyo, na baadaye wadogo zake wawili, na wana watatu waliozaliwa katika nyumba hiyo walikuja kuwa wafalme mmoja baada ya mwingine: Deokjong, Jeongjong na Munjong. Hiyo ndiyo mbegu iliyoandikwa. Sasa ile mivutano ya malkia kwa malkia, wivu, nani kanuna, nani kampelekea nani barua, ndiyo iliyooteshwa juu ya mbegu hiyo na waandishi. Vitabu havina mazungumzo ya chumbani.

Ninyi mmetoka kuona sehemu ya 18, ambapo mfalme anagombana na Gang Gam-chan, anapanda farasi kwa hasira na kuanguka. Kule Korea ilizua kelele. Watazamaji waliandika malalamiko kwa KBS, na mwandishi wa riwaya ambayo tamthilia iliitegemea alisema hadharani kwamba mfalme huyu siye aliyemwandika yeye. Walikuwa na hoja. Hyeonjong wa vitabuni ni mtu aliyekuwa yatima tangu utotoni, akapelekwa hekaluni kwa watawa huku watu wa ikulu wakitaka kumuua, akaingia kwenye kiti asichokitafuta, akachomewa mji, kisha akarudi na kutawala hadi mwaka 1031. Mtu wa namna hiyo ukimfanya kijana wa kununa na kuendesha farasi hovyo, umemvunjia heshima. Mimi mwenyewe sehemu ya 17 hadi ya 22 huwa naziangalia huku nafanya kazi nyingine. Msikate tamaa hapo.

Hata ule ukaribu wa mfalme na Gang Gam-chan kama mwanafunzi na mwalimu umeongezwa. Chumvi kubwa kuliko zote, ukitaka kujua, ni sura. Goryeosa inasema Gang Gam-chan alikuwa mfupi, hana sura, nguo zake chafu na zimechakaa. Wakamweka mwigizaji Choi Soo-jong! Alifanya kazi nzuri, akapata tuzo kuu ya KBS ya mwaka 2023, lakini huyo si mtu wa kusema hana sura.

Umri wake ni sahihi. Alizaliwa mwaka 948, na vita vya Gwiju, vile vya mwishoni alivyovitaja mjomba, vilipiganwa mwaka 1019. Piga hesabu mwenyewe. Mzee anashangaa kwa sababu anadhani jemadari ni mtu wa kurusha upanga. Goryeo haikuwa hivyo. Majeshi makubwa yalikabidhiwa wasomi waliofaulu mtihani wa serikali. Gang Gam-chan alikuwa wa kwanza katika mtihani wa mwaka 983. Seo Hui, ambaye nitamtaja hivi punde, alikuwa msomi. Hata Yang Gyu cheo chake kilikuwa cha ofisa wa wizara ya mambo ya sheria. Kazi ya jemadari ilikuwa kupanga, kulisha jeshi na kujua lini usipigane. Kukimbizana na adui alimwachia naibu wake, Gang Min-cheom.

Kama mzee alikuwa anafuatilia tamthilia ya Jumong enzi zile ilipotikisa nyumba zetu, mwambie kuna uzi unaounganisha. Jumong ndiye mwanzilishi wa dola ya kale ya Goguryeo katika masimulizi ya Wakorea. Jina Goryeo limetokana na Goguryeo, na sisi leo tunaposema Korea tunasema Goryeo kwa matamshi mengine. Mwaka 993, Wakhitan walipokuja mara ya kwanza, jemadari wao alidai kwamba Goryeo imetoka katika ardhi ya Silla, dola nyingine ya kale ya Korea, na kwamba ardhi ya Goguryeo ni yao. Seo Hui akamjibu mezani: sisi ndio warithi wa Goguryeo, ndiyo maana tunaitwa Goryeo. Mazungumzo yakaisha kwa Goryeo kupata ardhi, ambako zilijengwa ngome sita. Heunghwajin, Tongju, Gwakju na Gwiju zote zimo katika hizo sita. Yaani viwanja hivyo vya vita mnavyovitazama vilipatikana kwa maneno miaka 17 kabla. Nashangaa hakuna aliyetengeneza tamthilia nzima ya mazungumzo yale.

Uadui wenyewe ni wa zamani zaidi. Mwaka 942 Wakhitan walituma zawadi ya ngamia 50 kwa mwanzilishi wa Goryeo, Wang Geon. Yeye hakuwasamehe kwa kuiangamiza dola ya Balhae mwaka 926, akawafukuzia wajumbe wao kisiwani na kuwafunga ngamia chini ya daraja la Manbu mpaka wakafa njaa. Mwisho wa ngamia wale siupendi. Msomali au Mrendile akisikia hadithi hiyo atasema vita vilikuwa halali.

Umesikia pia wanamwita mfalme "Pyeha" badala ya "Jeonha" tuliyoizoea kwenye tamthilia za Joseon. Si kosa la tafsiri. Wafalme wa Goryeo kwao walijihesabu kuwa juu kuliko cheo cha mfalme wa kawaida, na Pyeha ni heshima ya ngazi hiyo. Kushuka kulikuja baadaye, Goryeo yenyewe ilipokuwa chini ya Wamongolia, na Joseon wakaendelea hivyo hivyo.

Sasa ile glasi ya mzee. Hesabu za majeshi. Watu 400,000 wa Shengzong, watu 300,000 wa Gang Jo: hizo ni namba za mviringo, na namba za mviringo katika vitabu vya kale mimi huzisoma kama "wengi sana". Kulisha watu 400,000 na farasi wao katika baridi ya kaskazini ya Korea si mchezo. Hapa mzee anaruhusiwa kucheka. Jeshi la Gang Gam-chan la mwaka 1018 limeandikwa kuwa 208,300, na hiyo 300 ya mkiani inanifanya nidhani kulikuwa na daftari mahali fulani, ingawa kama daftari lilihesabu wapiganaji tu au na wapagazi, hapo kila mtu ana lake.

Msidhani vile vile kwamba Liao walikuwa kundi la wavamizi wa porini kama baadhi ya nywele zao zinavyowafanya waonekane. Mapatano ya Chanyuan, miaka michache tu kabla ya uvamizi wa 1010, yaliilazimisha dola ya Song ya China, tajiri kuliko zote, kuwalipa Liao kila mwaka vitambaa 200,000 vya hariri pamoja na fedha. Hao ndio waliokuja kupigwa Gwiju.

Mjomba asiwamalizie utamu wote, kwa hiyo nitagusa kidogo. Mwaka 1018 jemadari wa Liao, Xiao Paiya, alikuja na watu 100,000. Pale Heunghwajin, Gang Gam-chan aliuziba mto kwa ngozi za ng'ombe zilizofungwa kamba, akaficha wapanda farasi 12,000, kisha akayaachilia maji adui alipokuwa anavuka. Wakorea wengi wenyewe huamini kwamba hilo lilitokea Gwiju. Hapana, ni Heunghwajin. Gwiju walipigana uwanjani, mashariki ya ngome, peupe. Xiao aliendelea mbele hata hivyo, akakuta Hyeonjong amewaingiza watu wote ndani ya kuta na mashamba hayana kitu, akageuka. Akiwa njiani kurudi, ndipo Gwiju.

Majeshi mawili yalisukumana bila mshindi. Kisha jemadari mwingine wa Goryeo, Kim Jong-hyeon, akafika na watu wake 10,000, na hapo ndipo penye kicheko cha mzee. Goryeosa inasema ghafla upepo na mvua vilitoka kusini, bendera zikaelekea kaskazini, na askari wa Goryeo wakapata nguvu maradufu. Maiti zikafunika uwanda. Kati ya watu 100,000, waliorudi hai ni elfu chache. Ukisema Goryeosa inajisifu, fungua Liaoshi: wanakubali kwamba walishindwa, na kwamba wengi wao walizama mitoni. Shengzong alimwambia Xiao kwamba atamchuna ngozi ya uso kisha amuue, ingawa mwisho alimvua cheo tu. Vita hivyo vinahesabiwa kuwa vya tarehe 10 Machi 1019, na KBS walirusha sehemu ya 32 tarehe 10 Machi 2024. Kalenda ni tofauti, najua, niacheni nifurahi.

Hyeonjong alimwandikia Gang Gam-chan shairi lililohifadhiwa mpaka leo, akisema kwamba kama wakati ule wasingelifuata shauri la Gang, nchi nzima ingekuwa inafunga vazi upande wa kushoto. Wakhitan walifunga kushoto, Goryeo kulia. Rudini sehemu za mwanzo mwangalie nguo.

Mimi sehemu ya mwisho iliniacha na kinyongo kidogo, vita vimekatwa pale pale vinapokolea. Lakini upepo upo. Mkifika, mwambie mzee asihangaike na mapanga. Aangalie bendera zinaelekea wapi.